Pumzi ya Muuza Jibini

Kila Jumamosi muuza jibini huja kanisani na aproni yake, mikono ikinuka maziwa ya kondoo, na kuuanzisha wimbo wa kale wa Kilatini wa Bikira Maria kwa sauti yake ya kukwaruza. Kila mwisho wa mstari husimama kuvuta pumzi, na kanisa zima, linaloimba naye, humngoja. Padri Bachisio, mgeni hapo, alichoshwa na kungoja huko. Akaleta spika yenye kwaya iliyorekodiwa.

“Wewe pumzika, mama. Hii itaimba.”

“Tunamwimbia mama, Padri. Hiyo imemzaa nani?”

Mama akaanza kuimba, kidole kikigonga paja. Padri naye akaiwasha spika, ikaimba mpaka amina. Watu walikuwa bado kwenye mstari wa pili, wakimngoja mama avute pumzi.