Baba na Kaburi la Misri

Binamu zangu wa Kawangware nilikuwa nimewaambia kwamba baba yangu ni kontrakta wa majengo. Uongo huo niliutunga nikiwa darasa la sita, na kila tulipowatembelea niliutia chumvi zaidi. Ukweli ni kwamba baba alichimba vyoo vya shimo kule kwetu Gatwekera, kwa sururu na ndoo.

Januari 2008, baada ya uchaguzi kuleta ghasia za kikabila, tulikimbilia kwa shangazi, dada yake baba, tukiwa na mfuko mmoja wa nguo. Shule hazikuwa zimefunguliwa na kutoka nje kulikuwa hatari, kwa hiyo mchana kutwa tulizingira kompyuta ya mume wa shangazi. Ilikuwa na mchezo mmoja tu. Wewe ni mpelelezi. Umeitwa Misri, mahali wataalamu wanapofukua kaburi la mfalme wa kale, na kinyago cha dhahabu kimetoweka humo. Washukiwa ni watatu: profesa, mlinzi na mpishi. Ukimtaja asiye na hatia, unarudishwa mwanzo.

Tulikuwa tumemtaja mpishi mara nne. Binamu yangu mkubwa alisema uso wake tu unatosha. Siku zile watu walihukumiwa kwa sababu hafifu kuliko hiyo, lakini sisi hata hatukuliona hilo.

Baba aliketi nyuma yetu, hana kazi, hana pa kwenda. Nilikuwa nikiomba asifungue mdomo. Profesa alipoeleza kwamba kaburi halijaguswa tangu lizibwe, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kulifikia, baba alisogeza kiti, akaomba turudishe picha ya ukuta wa shimo. Ulikuwa na mistari ya udongo, mweusi, mwekundu, mweusi tena, imelala sawasawa. Ila upande wa hema la profesa mistari ilikatika na rangi zikachanganyika.

"Hapa palishachimbwa, halafu pakajazwa," akasema. "Udongo ikishatoka, hairudi vile ililala. Huyo profesa anadanganya."

Binamu alimtaja profesa shingo upande. Kinyago kikaonekana chini ya kitanda chake, akatiwa pingu. Kwa kelele tulizopiga, shangazi alikuja mbio akidhani tumevamiwa.

Kisha binamu mkubwa akauliza swali nililoliogopa.

"Anko, hii kitu ulijulia wapi?"

Baba aliniangalia. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameusikia uongo wangu miaka yote, na kwamba alikuwa tayari kunibebea.

"Kwa hizi kazi za kontrakti," akasema polepole. "Mambo ya majengo."

Aibu ilinichoma, lakini fahari niliyokuwa nayo juu ya mtu yule iliizidi kwa mbali. Sijawahi kujivunia mtu hivyo tena.

"Si kontrakti," nikasema. "Baba huchimba vyoo. Vyoo zote za upande wetu ni yeye alichimba, na hakuna hata moja imewahi kuanguka."

Hakuna aliyecheka. Binamu mkubwa aliinuka, akampisha baba kiti cha mbele, akafungua kesi ya pili. Baba akakaa, akakohoa kidogo.

"Moja ilianguka," akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Ile ya kando ya mto. Lakini hiyo ilikuwa mvua."