Mkono wa Kushoto wa Daktari

Pale maabara, Accra, wanamwita Daktari tu, na hakuna anayeuliza Daktari yupi. Mawuena, mwanafunzi wake, hachoki kuutazama mkono wake wa kushoto. Nyuzi ndefu za DNA hukatika ukizitikisa, hata ukizivuta haraka, kwa hiyo Daktari hukata kwanza ncha ya pipeti, kile kifaa cha kufyonzea matone, ili mdomo uwe mpana, kisha huvuta taratibu huku akiimba chinichini wimbo wa kanisani. Kazi yote ni ya kushoto. Lakini kumpa mtu kitu kwa kushoto, thubutu! Hata kalamu huihamishia kulia kwanza, ndivyo alivyolelewa.

Wiki nzima walikuwa wakiunganisha vipande viwili virefu vya DNA ya mhogo kwa kemikali tupu, bila kimeng'enya, na kila mara vikawa vinakatika. Leo picha ya jeli, ile inayotenganisha nyuzi kwa urefu wake, imetoka na mstari mmoja tu, juu kabisa, mahali pa uzi mrefu.

"Vimeshikana!" Mawuena akapiga kelele.

"Punguza sauti, wewe, utavikata," Daktari akasema huku akicheka.

Kichupa chenye uzi huo kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto. Akakisogeza kuelekea kulia, akasita, akakitazama, kisha akamnyooshea Mawuena vilevile.

"Niwie radhi kwa kushoto, mwanangu. Kukihamisha naogopa."

Mawuena akakunja goti, akakipokea kwa mikono miwili.

"Mkono huo, Daktari, leo hauombewi radhi."