Muhula wa Nne wa Nyanjige

Alhamisi, tarehe 15 Mei 2025. Mawingu yalisimama upande wa Maswa tangu asubuhi bila mvua. Upepo mkavu ulipeperusha vumbi hadi ndani ya ofisi za Bariadi.

Nyanjige Maige, afisa maendeleo ya jamii, alikuwa ameifungua barua ile kwenye simu mara sita. Amepata nafasi ya shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa, inayoendeshwa na vyuo vikuu vitatu kwa pamoja. Muhula wa kwanza, kuanzia Oktoba, Dar es Salaam, wa pili Afrika Kusini, wa tatu Ujerumani. Wa nne ni wa tasnifu, chini ya wasimamizi wawili, na mwanafunzi huchagua mwenyewe akaiandikie chuo kipi kati ya hivyo. Cheti ni kimoja, chenye mihuri mitatu. Chaguo hilo lilitakiwa kesho kabla ya saa sita mchana, na halibadilishwi.

"Waume watatu, cheti kimoja cha ndoa," alitania Salvatory wa meza ya jirani. "Malizia kwa Mjerumani, dada. Usituangushe."

Nyanjige alicheka, akainuka, akaketi, akainuka tena. Moyoni Ujerumani alishaichagua; profesa wa huko alikuwa amemwandikia kumsifu. Lakini alikuwa na Jenifer, binti wa miaka saba asiye na baba. Dar angekwenda naye. Na huko kwingine?

Saa tisa na nusu alipanda bodaboda hadi Sapiwi. Baba yake, Mzee Maige, alikuwa zizini akipaka dawa sikio la ndama.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Mbona umekuja na viatu vya ofisi? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu." Akaeleza yote, harakaharaka.

"Kwa nini chuo kimoja kisimalize kazi yake? Walimu wanachoka?"

"Kila kimoja kina chake, baba. Dar mbinu za utafiti, Afrika Kusini serikali za mitaa, Ujerumani vyama na uchaguzi."

"Na Jenifer?"

"Nilitaka akae hapa kwako. Mwaka mmoja. Labda na nusu."

"Kumbe umekuja kubilisa."

Neno lilimchoma. Kubilisa ni kumpa mtu ng'ombe wako akutunzie. Mzee mwenyewe alikuwa na ng'ombe wanaotunzwa na watu kwenye miji mitatu, hadi Ipililo.

"Jenifer si ng'ombe, baba!"

"Nimesema ni ng'ombe? Tulia usikie. Maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenyewe. Aking'oka jino, akijifunza kusuka, hayo ni maziwa. Tutayanywa sisi, na hutarudishiwa. Mtoto atabaki wako. Lakini mimi nikimpa mtu ng'ombe, namwambia nitawafuata lini. Hiyo 'labda' yako ni mwezi wa ngapi?"

Nyanjige alilizunguka zizi mara mbili, viatu vikijaa mavi ya ng'ombe, akaaga bila kunywa hata maji.

Nyumbani Somanda, Jenifer alimkimbilia akiwa amefungua kinywa. Jino la mbele lilikuwa linacheza.

"Mama, lishike."

"Liache!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Kisha akapiga magoti, akalishika.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya saa mbili, alijaza fomu. Muhula wa nne: Dar es Salaam. Mada ya tasnifu: mikutano ya vijiji Simiyu. Akaituma upesi, kidole kisije kikageuka, akampigia baba yake.

"Machi hadi Machi, baba. Halafu namfuata, namalizia naye Dar."

"Hiyo sasa ni tarehe," alisema Mzee. "Mlete na meno yatakayokuwa yamebaki."

Nyanjige alikata simu, akamfunga Jenifer kamba za viatu ambazo mtoto alikuwa ameshazifunga mwenyewe, akatoka kwenda kazini bila chai.