Nilivyomchanja mama mkwe wangu hapa Bunda, na swali aliloniuliza

Wakuu, habari za mihangaiko.

Hii siyo chai. Imenikuta mwenyewe, na mhusika amekubali niisimulie, ila jina lake nalibania.

Mimi ni mfamasia, nina famasi ndogo Bunda mjini. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kusoma cheti cha daktari, kutoa dawa na kueleza matumizi. Sindano tuliwaachia manesi.

Halafu tukaitwa training Musoma, wafamasia wa Bunda, Butiama na Musoma penyewe, tufundishwe kuchanja. Maana mtu anaweza kumaliza mwaka hajakanyaga hospitali, lakini famasi anapita kila mara kutafuta dawa ya kichwa.

Mwalimu alikuwa nesi wa makamo, mkali lakini wa haki.

Siku ya practical nikajiona fundi, maana nimekulia Guta na ng'ombe nimewachoma sindano sana. Nikiwa naonyesha jinsi ya kuchoma, nikampiga mwenzangu kofi la bega kwanza, kama tunavyowafanyia ndama. Sindano yenyewe hata sijaishika. Darasa zima likafa kwa kicheko, nami nikapelekwa kwenye mkono wa plastiki mpaka jasho likanitoka.

Yule nesi alikazia mambo mawili. Usimwamulie mtu, muulize. Na ukishamchanja, akae dakika kumi na tano ukimwangalia, maana wapo wachache wanaopata mzio wa ghafla.

Sasa twende kwenye kisa.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja, mama mkwe akaingia famasi kutoka Nyamuswa. Baba mkwe alifariki kwa homa ya ini, na yeye ndiye aliyemuuguza. Alishapimwa, hana maambukizi, na karatasi ya majibu alikuwa nayo. Alisikia kwenye matangazo ya kanisani kwamba kwangu chanjo ya homa ya ini ipo, akadhani nimeajiri nesi.

Wasiojua mila zetu niwaeleze: mkwe hamgusi mama mkwe. Hata kupeana mkono hakuna. Leo nimshike bega?

Nikaanza kumwelekeza hospitali. Akaitikia kwa upole, akakunja karatasi yake, akageuka kuelekea mlangoni. Wakuu, nilijua haendi. Angepanda bodaboda arudi zake Nyamuswa na mambo yangeishia hapo.

Nikamkumbuka yule nesi. Nilikuwa nimeshamwamulia.

Nikamwambia, "Mama, anayechanja hapa ni mimi peke yangu. Unataka nikuchanje, au nikutafutie mtu mwingine?"

Akarudi mpaka kwenye kaunta.

"Baba Neema, mzee nilikuwaga namgeuza kitandani miezi minane. Aibu haikunisaidia kitu. Choma."

Akageukia ukutani, akashusha kanga begani. Nilivaa glovu, si kwa sababu ya chanjo, ni kwa heshima yake. Nikachoma. Ikaisha.

Zikabaki zile dakika kumi na tano. Miaka kumi na moja nimemuoa binti yake, hatujawahi kukaa chumba kimoja wawili tu. Yeye kwenye benchi, mimi nyuma ya kaunta, kila mmoja anatazama kwake. Akauliza habari za wajukuu. Akauliza mvua.

Kisha akauliza, "Na wewe umechanjwa?"

Nikaona aibu kuliko ile ya kushika bega. Nilichanjwa dozi ya kwanza kule Musoma. Ya pili nilikuwa naiahirisha tu, leo kesho, huku kila siku nawahimiza wateja wamalize zao. Nikamwambia ukweli.

"Maliza. Sitaki binti yangu auguze nilivyouguza mimi."

Muda ulipotimia akaaga, akaondoka.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nilifunga famasi mapema nikaenda kuchanjwa. Mke wangu naye akapimwa, akaanza dozi zake.

Namshukuru yule nesi kutoka moyoni. Bila neno lake mama angeondoka hivi hivi, na mimi ningeendelea kujidanganya.

Nilichojifunza: kabla hujamkinga mtu na aibu, muulize kama ndicho anachotaka.

Mama amemaliza dozi zote tatu. Ya mwisho alikuja na wanawake wanne wa jumuiya yake, akawaambia, "Huyu ni mkwe wangu. Msimwogope, hata mimi amenichanja."

Na kwenu, mila ikikutana na ugonjwa mnafanyaje? Tiririkeni hapo chini. Na wewe unayesoma kimya kimya, ile dozi uliyoiacha njiani, unaimalizia lini?