Mama Majibu na Kitufe cha Furaha

Shangazi yangu huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akijibu maswali ambayo mtu mwenye akili timamu asingeyauliza, na hajawahi kukosa jibu. Anakaa mlangoni mwa duka la ushirika la mtaa wetu, kwenye meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, kati ya magunia ya chumvi na friji la maziwa linalokoroma kama baba mkwe aliyeshiba. Mezani ana kisanduku cha bati chenye tundu juu, rundo la karatasi ndogo, na kalamu mbili za bluu zilizofungwa kwa uzi, kwa sababu wanachama wetu ni watu waaminifu sana. Nyuma yake ukutani kuna ubao. Jina la kwenye kitambulisho chake nadhani hata yeye hulisahau. Mtaa mzima unamwita Mama Majibu.

Kwa asiyejua, duka la ushirika ni duka letu sote, maana yake kila mtu ni bosi na hakuna anayefagia. Bosi akiwa na swali au lalamiko, anaandika na kutumbukiza. Shangazi hufungua kisanduku kila Jumatano, na ikifika Ijumaa saa nne asubuhi kila swali liko ubaoni na jibu lake chini. Kila swali, hata la mlevi.

Na halibandikwi kama lilivyoandikwa. Shangazi hulinakili upya kwa mwandiko wake, kwa kalamu ya bluu, kisha karatasi ya mwenyewe huichana vipande vidogo na kuvitia kwenye ndoo ya maganda. Nilimuuliza kwa nini anajipa kazi mara mbili.

"Mtaa huu mtu anaujua mwandiko wa jirani kuliko anavyoujua uso wake," akasema. "Sasa nani ataandika jambo la aibu?"

Watu walikuwa wanakuja kusoma ubao hata siku ambazo hawana cha kununua. Mmoja aliuliza: "Kwa nini mayai yenu ni madogo hivi?" Jibu: "Malalamiko tumemfikishia kuku. Kasema jaribu wewe." Mwingine akalalamika kwamba yule wa mizani ana kidole kizito. Jibu: "Kidole kimeonywa mbele ya mashahidi, na kuanzia kesho mizani inageuziwa upande wa mteja." Na kesho yake ikageuzwa kweli. Maana Shangazi ulimi wake ni pilipili, lakini na miguu anayo. Kila jibu lilikuwa na safari nyuma yake, mara stoo, mara kwa muuzaji wa jumla, mara kwa mwokaji kumuuliza kama mkate huu ameuoka au ameuchonga.

Mwaka huu tukapata meneja mpya. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu na kutoka na vyeti viwili. Cha tatu nadhani kilikuwa cha chakula cha mchana. Tai yake ilikuwa imekazwa kiasi kwamba maneno yalitoka yamebanwa. Kila kitu alikitia sahihi kwa wino wa kijani, hata orodha ya mifagio, na hakuna mwingine dukani aliyeruhusiwa kuugusa wino huo. Dada wa kaunta, ambaye hakosi jina la kumpa mtu, alimwita Bwana Asilimia, kwa sababu hakujua kusema mvua inanyesha bila kusema inanyesha kwa asilimia ngapi.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akausoma wote bila kucheka. Mimi nilidhani ni mgonjwa.

"Mama, malalamiko thelathini na saba. Mwezi mmoja!"

"Mwezi wenyewe ulikuwa mfupi," Shangazi akasema.

"Mteja akiingia tu anakutana na malalamiko. Anapata picha gani?"

"Kwamba kuna mtu anasoma."

"Dunia imebadilika, mama."

"Naona. Zamani mgeni alikuwa anaanza na salamu."

Wiki iliyofuata ikaja mashine. Ilikuwa nguzo fupi yenye vitufe vitatu vyenye nyuso: wa kijani unacheka, wa njano kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari wa meno, na mwekundu umenuna. Ukibonyeza, inalia *ting*. Ikawekwa mlangoni, palepale pa Shangazi. Meza ikaenda stoo. Ubao ukaenda ofisini kwa meneja, ukabandikwa picha zake za semina. Shangazi mwenyewe akapelekwa kupanga rafu ya sabuni, mpaka mkutano mkuu wa mwisho wa mwezi, ambapo wanachama wangepiga kura kuifunga meza yake moja kwa moja.

"Pole, Mama Majibu," dada wa kaunta akamwambia. "Angalau utakuwa msafi."

Shangazi hakujibu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Siku ile alizifungua zile kalamu mbili, akazirudisha nyumbani ndani ya mkoba na uzi wake. "Wakipiga kura ya kufunga, nami basi," akasema huku akivua viatu. "Sabuni haina swali. Nitakaa hapa nyumbani nikujibu wewe kutwa nzima." Alitaka nicheke, nikacheka. Lakini mama wa miaka hamsini na nane aliyezoea kuulizwa na mtaa mzima, umweke aangaliane na mche wa sabuni, unafikiri atadumu?

Mashine nayo ilifanya kazi kwa bidii. Vitufe vilikuwa usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitano, na watoto wa mtaa wetu hawajawahi kupata duka zuri kama lile. Mmoja alibonyeza kile cha kijani mara arobaini na sita mama yake akiwa anachagua vitunguu. Ripoti ikatoka: wateja wamefurahi kwa asilimia tisini na moja. Ila kile chekundu nacho, siku za mwanzo kimya, kikaanza kulia kila wiki zaidi, na hakikuwa kinabonyezwa na watoto. Meneja akatafakari ile huzuni kitaalamu.

"Pigeni deki," akaagiza.

Tukapigiwa deki. Huzuni ikapanda. Akaleta maua ya plastiki. Ikapanda tena. Akaweka spika ya muziki laini. Ikafika mahali unaona meno yako sakafuni, ua liko pembeni, kinanda kinalia, na mteja anatoka amenuna kama amefiwa.

Sasa, mwezi huohuo yaliingia maharage mapya. Mazuri! Mekundu, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Shangazi akanunua kilo mbili. Tuliyabandika asubuhi, adhuhuri yalikuwa bado magumu, saa kumi ungeweza kuyarudisha kwenye gunia na kuyauza. Shangazi akalaumu sufuria. Akalaumu gesi. Akanilaumu mimi, kwamba nilifunua kifuniko.

"Labda ni maharage, Shangazi."

"Maharage mabovu dukani kwetu? Si ningekuwa nimeshasoma?" Halafu mwiko ukamsimama hewani, kwa sababu alikumbuka kwamba siku hizi hasomi kitu. Akanigeukia mimi niliye karibu. "Hiyo diploma unayosomea na haya maharage, sijui kipi kitaiva kwanza."

Nikala mkate.

Kilichomfungua macho ni magadi. Pakiti za magadi zilikaa mwisho wa rafu yake ya sabuni, na kwa kawaida huuzwa moja kwa mwezi. Jumatatu akaja fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, akanong'ona, "Nipe magadi, ya... ya kusugulia sinki." Jumanne akaja nesi, naye ana sinki. Jumatano mwalimu mstaafu, mjane, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayenunua dhambi, akachukua pakiti tatu. Alhamisi rafu ikawa tupu.

"Mwanangu," Shangazi akaniambia alipofika nyumbani, hata mkoba hajautua, "sinki za mtaa mzima zimechafuka wiki moja? Watu wanalainisha maharage! Na kila nyumba inadhani ni yenyewe tu."

"Si umwambie meneja?"

"Nimemwambia. Kasema hakuna kitufe kilichotaja maharage."

Mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa shule ya msingi, kwenye madawati ya darasa la kwanza, kwa hiyo wanachama mia mbili tulikaa magoti yakiwa usawa wa masikio. Mezani mbele alikaa mwenyekiti wetu, mzee mwema anayesinzia kwa niaba ya wanachama wote, na pembeni yake meneja. Meneja akatuonyesha furaha yetu ukutani, kwa duara la rangi. Asilimia tisini na moja! Tukaitazama kama watu wanaoonyeshwa picha ya ndugu wasiyemfahamu.

"Kuna swali?"

Kimya. Watu walewale wa karatasi thelathini na saba kwa mwezi walikuwa wanakagua dari. Nani atasimama mbele ya majirani zake wote aseme ameshindwa na maharage?

"Basi tuingie kwenye kura ya kufunga meza ya maswali."

Shangazi akasimama. "Mwenyekiti, naomba dakika kumi kabla ya kura."

Mwenyekiti akafumbua jicho moja. "Zako hizo, mama."

Akatoa kwenye mkoba kile kisanduku cha bati, akanipa karatasi nigawe, mpaka meza ya mbele. "Aliyepika maharage ya dukani mwezi huu," akasema, "aandike yaliiva baada ya saa ngapi. Jina usiweke. Asiyepika aandike hajapika. Kila mtu aandike, ili asijulikane nani kaandika nini."

Vichwa vikainama kama chumba cha mtihani. Kisanduku kikazunguka, kikarudi kimejaa. Mimi nikakishika, yeye akawa anatoa moja moja na kusoma.

"'Saa sita. Nikazima.'"

"'Bado.'"

"'Nimenunua sufuria mpya kwa ajili yake. Sufuria ni nzuri.'"

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa.

"'Mama mkwe alikuja Jumapili. Kasema sasa ameelewa kwa nini mwanawe amekonda.'"

"'Nimewaambia watoto ni karanga.'"

Hapo ukumbi ukapasuka. Fundi cherehani alimpiga nesi begani. "Na wewe? Kumbe na wewe!"

"Mwenzangu, siku mbili! Siku mbili jikoni!"

"Na sinki lako je?"

"Sinki gani, shoga yangu, niache!"

Shangazi akatoa karatasi nyingine, akaitazama, akasita. Mimi nilikuwa ubavuni kwake, nikaiona. Mwandiko wa mikunjo mizuri: "Nilimwambia mke wangu hajui kupika. Hatuzungumzi tangu Jumanne." Wino wa kijani.

Mazoea yana taabu. Mtu anaandika siri yake, anaikunja vizuri, kumbe ameshaitia sahihi.

Nikamtazama meneja. Alikuwa anavitazama viatu vyake, na shingo ndani ya ile tai imekuwa kama kile kitufe cha tatu. Shangazi alihitaji kuinua mkono tu. Watu mia mbili wanaujua wino ule ni wa nani. Wangecheka mpaka aiache kazi kabla ya mchana.

"Iinue," nikamnong'oneza. "Shangazi, iinue!"

Akanikanyaga mguu, na si kidogo. Akaisoma kwa sauti ileile aliyosomea nyingine, watu wakaguna kwa huruma ya uongo, naye akaikunja akaitia kwenye mkoba wake badala ya kuirudisha kisandukuni. Akatoa iliyofuata. "'Saa nane, na meno mawili.'"

Kura ikapigwa. Waliotaka meza ifungwe walinyoosha mikono wawili, na mmoja alikuwa mwenyekiti, aliyezinduka akidhani anaitwa kwenye mahudhurio. Waliotaka irudi, sikuweza kuona upande wa pili wa ukumbi kwa mikono. Mkono wa meneja ulipanda mpaka kwenye sikio, kama anajikuna, ukakaa hapohapo mpaka hesabu ikaisha.

Maharage yalirudishwa kwa muuzaji wa jumla, na wanachama wakaruhusiwa kubadilisha ya kwao, mabichi kwa yaliyochemshwa, ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha. Mashine ikahamishiwa karibu na vitunguu, watoto wasije wakakosa pa kutolea maoni. Meza ikarudi mlangoni na mguu wake mfupi, ubao ukarudi ukutani na matundu ya picha za semina.

Ijumaa saa nne, katikati ya karatasi nyingine ubaoni, palikuwa na moja ya wino wa bluu kama zote: "Nilimwambia mke wangu hajui kupika. Hatuzungumzi." Chini yake jibu: "Maharage tumeyarudisha. Neno halirudishwi, linaombewa msamaha. Fanya leo, usisubiri Ijumaa."

Meneja alikuja kukagua magunia ya chumvi. Aliyakagua sana, gunia baada ya gunia, macho yakiwa ubaoni. Akaisoma ile karatasi, akautazama ule wino wa bluu kwa muda mrefu, kisha akaitazama ndoo ya maganda yenye vipande vya karatasi. Akasogea mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lalamiko?"

"Hapana. Ni... swali."

Shangazi akamsogezea karatasi bila kumwangalia usoni. Meneja akachomoa kalamu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akachukua ile ya bluu. Uzi ulikuwa mfupi, ikabidi ainame.