Watu wa Fukuza, Watu wa Meza

Asubuhi ile shangazi Tabu alikuwa anapukuchua mahindi uani, na mumewe, Mzee Rashidi, alikuwa amekaa mlangoni na redio yake ya betri, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Ilikuwa mwezi wa nane. Mavuno yalikwisha, mashambani yamebaki mabua makavu na mbaazi ambazo bado hazijakomaa. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani jana yake, baada ya miezi saba ya kukata miwa Kidatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha darasa la sita. Akili haikukataa, miguu ndiyo iliyokataa kukaa chini ya dawati. Nilitaka kujua kila barabara inaishia wapi, na kila mtu niliyemkuta nilimuuliza maswali mpaka anichoke.

Kijiji chetu kiko upande wa Msowero. Miaka hiyo kilikuwa kimegawanyika, na mgawanyiko wenyewe haukuwa wa vyama. Kulikuwa na watu wa fukuza na watu wa meza. Watu wa fukuza walisema wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa waondolewe na ng'ombe wao, kwa heri au kwa shari. Watu wa meza walisema tukae mezani tuelewane. Tuliwatania kwamba wanaitwa hivyo kwa sababu wanameza kila kitu, hata ng'ombe akilala jikoni kwao. Nao walitujibu kwamba sisi tukishafukuza ng'ombe tutaanza kufukuza kuku.

Mimi nilikuwa wa fukuza. Nilikuwa na sauti kubwa, na kwenye mikutano nilipewa kazi ya kuanzisha kelele.

Shangazi na mumewe walikuwa wa meza.

"Babu yako aliletwa hapa kutoka Kigoma kukata mkonge," shangazi aliniambia huku mahindi yakimdondoka mapajani. "Alifika na shuka moja na namba ya kazi. Nani alimfukuza?"

"Babu hakuja na ng'ombe mia, shangazi."

"Alikuja na njaa ya ng'ombe mia."

Mzee Rashidi alicheka mpaka akapoteza stesheni.

Ndipo Luhende akapita. Alikuwa mfugaji wa ng'ambo ya korongo, kijana wa rika langu, aliyeoa mwaka ule. Alisimama nje ya ua, fimbo mabegani.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," walijibu pamoja. Shangazi akaongeza, "Huyu ndiye mtoto wa kaka yangu, yule mtembezi."

"Karibu nyumbani, bwana. Huko Kidatu umetuletea hata pingili moja ya muwa?"

Nikageuza uso. Luhende akamgeukia shangazi. "Basi mama, kama tulivyosema."

"Kama tulivyosema, baba."

Akaenda zake. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza walikuwa wamesema nini. Nilikuwa na hasira kwamba ananiita bwana kwenye ua wa kwetu.

Mchana nilikwenda korongoni kuoga. Nikiwa njiani nikaona ng'ombe kama thelathini wako katikati ya shamba la shangazi, wanakula mabua.

Kwetu mtu akipiga yowe, kila anayelisikia hulipokea na kulipeleka mbele, kisha huja mbio na alichonacho mkononi. Huulizi limepigwa na nani wala kwa nini. Kuuliza ni woga.

Nilipiga yowe.

Likapokewa ng'ambo hii, likapokewa kule. Muda mfupi watu walikuwa wanatoka kwenye mbaazi, kwenye vichaka, barabarani. Mapanga, marungu, mpini wa jembe.

Ng'ombe wakashtuka. Wakatawanyika, wakaingia mbaazi za jirani.

Luhende hakukimbia. Aliangusha fimbo na kuinua mikono.

"Nimeruhusiwa! Mama Tabu ameniruhusu!"

Nilikuwa karibu. Nilimsikia.

Nilikuwa na sauti ya kusikika kijiji kizima, na sikuitumia.

Alipoanguka, watu walirudi nyuma wote kwa pamoja, kana kwamba ardhi ile imekuwa ya moto. Mtu mmoja aliniuliza, "Walikuwa wapi hao ng'ombe?" Nikasema, "Kwenye mbaazi." Na alama za kwato zilikuwepo kwenye mbaazi. Kila aliyekwenda kutazama aliziona.

Jioni ile shangazi alinieleza mwenyewe, akilia. Walikuwa wamepatana kwamba ng'ombe waje wale mabua, walale shambani siku tatu, waache samadi. Mabua ya kijana, samadi ya shangazi. "Sasa kwa nini aliwapeleka kwenye mbaazi za watu?" aliniuliza. "Tulipatana vizuri. Kwa nini avunje ahadi?"

Nikamwambia sijui.

Siku ya tatu walikuja wao, ndugu zake Luhende.

Ilikuwa saa sita mchana. Tuliona moshi upande wa kisima kwanza, kisha tukasikia watu. Shangazi alinishika mkono tukimbilie korongoni. Mzee Rashidi hakunyanyuka.

"Mguu huu hautafika," alisema. "Nendeni. Mimi nitaongea nao. Wananijua, wamekunywa chai hapa."

"Rashidi, nyanyuka."

"Nendeni, mama."

Tulilala kwenye matete, maji yakitufika kifuani. Hatukuona kitu. Tulisikia mabati yakipasuka kwa moto, tukasikia mbuzi. Sauti ya Mzee Rashidi tuliisikia pia, mwanzoni, tulivu, kama ya mtu anayemkaribisha mgeni.

Kisha hatukuisikia.

Askari walipofika waliweka kambi karibu na shule, na mambo yakatulia. Wafugaji walihama kutoka ng'ambo ya korongo, na familia kadhaa za kwetu zilihamia Kilosa mjini. Tulimzika Mzee Rashidi. Luhende alizikwa na ndugu zake, sikujua wapi. Baada ya wiki mbili nikaondoka.

Nimetembea sana tangu hapo. Nimepakia vitunguu, nimechimba mitaro kwenye ujenzi wa reli mpya, nimelinda maghala. Mwaka mmoja nilichunga ng'ombe wa mtu kwa ujira. Nilijifunza kwamba mchungaji hamalizi siku bila kuogopa: anaogopa jua, anaogopa mto uliokauka, anaogopa mtu yeyote anayesimama ghafla shambani. Sikugeuka wa meza kwa kusoma wala kwa kushawishiwa mkutanoni. Kidogo kidogo maneno yangu ya zamani yalianza kunishinda kutamka. Nilipofika miaka thelathini nilikuwa nabishana vijiweni nikitumia hoja za shangazi, hata ile ya shuka moja na namba ya kazi.

Shangazi naye alikuwa ameuacha msimamo wake. Kila niliporudi nilimkuta mgumu zaidi. Alipanda minyaa kuzunguka shamba lote. Kwenye uchaguzi wa kijiji alimpa kura yeyote aliyeahidi kuwazuia wafugaji, bila kujali ni wa chama gani. Wanawake wenzake walimwita kamanda.

"Nilikaa nao mezani," aliniambia mara moja. "Nilimwamini kijana yule kama mwanangu. Akavunja ahadi, na ndugu zake wakamuua mtu aliyekuwa anawatetea. Usinifundishe."

Kwa kifo cha mumewe alikuwa na haki yote ya kuwa mgumu. Lakini nusu ya ugumu ule ilikuwa kazi yangu, na mimi peke yangu nilijua. Kila mara alipolitaja jina la Luhende kwa chuki, ningeweza kumzuia kwa sentensi moja.

Ilinichukua miaka kumi na saba.

Mwaka huu kijiji kilipanga matumizi ya ardhi. Ukaitishwa mkutano wa kuamua kama ng'ombe watapewa mapito ya kwenda mtoni. Nilirudi kwa ajili hiyo, na asubuhi ya mkutano nilimkuta shangazi anafunga kilemba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Leo utaniona, watu wa meza hawataketi."

Nikamwambia akae. Nikamwambia ng'ombe walikuwa kwenye mabua yake. Mbaazi waliingia baada ya watu kuja. Yowe nilipiga mimi. Luhende alisema ameruhusiwa, nami nilimsikia.

Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu.

"Kwa hiyo nimemchukia mtu wa watu bure."

"Ndiyo, shangazi."

"Na Rashidi?"

Nikatazama mlangoni, alipokuwa akikaa na redio yake.

"Kukuchukia wewe ningeweza zamani," alisema. "Sasa nitaanzia wapi? Twende, tutachelewa."

Mkutanoni alisubiri zamu yake. Aliposimama watu wa fukuza walimpigia makofi kabla hajasema.

"Luhende hakuvunja ahadi," alisema. "Niliwaruhusu mimi wale ng'ombe. Andikeni."

Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mama Tabu, hoja iliyopo ni mapito."

"Najua. Mapito nayapinga, na nitayapinga mpaka nizikwe. Mume wangu aliuawa mlangoni kwake. Lakini hilo la kijana yule liandikwe."

"Umelijuaje leo, mama?"

"Nimeambiwa na aliyepiga yowe."

Hakunitazama. Hakumtazama mtu yeyote, alikaa.

Nilisimama. Nilisema yote kwa sauti ya kawaida, yowe na nilichokisikia, na kwa mara ya kwanza katika kijiji kile watu walinyoosha shingo ili wanisikie. Hakuna aliyenizomea. Wanaume waliokuwa na mapanga siku ile, ambao sasa wana wajukuu, walitazama chini. Mwenyekiti aliniambia nikae, na mtendaji aliandika.

Mikono ilipoinuliwa, wangu ulikuwa wa kukubali mapito, wa shangazi wa kukataa. Mapito yalikataliwa.

Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani aliniambia, "Uliowaambia leo si wao waliofiwa. Mke wa Luhende yuko Mikumi. Anauza maziwa kwa madereva wa malori."

Nilikuwa najua. Nimepita Mikumi mara nyingi mno, na kila basi linaposimama mimi hubaki kwenye kiti, nikitazama upande wa pili.

Sasa nitashuka. Tatizo langu ni neno la kwanza. Shikamoo haifai, tunakaribiana umri. Habari za siku nyingi haifai, hatujawahi kuonana. Imebaki pole, na pole iliyochelewa miaka kumi na saba sijui inasemwaje.