Jina la Kizamani la Kalu

Saa kumi na dakika tano alasiri, sebuleni kwetu Kinyerezi, nilisimama kuwatangazia wakwe jina la binti yetu mchanga, mdogo wake Neema. Tangu akiwa tumboni mke wangu alimwita Kalu, nami sikuuliza kwa nini. Nilitafuta tu jina la kizamani litakaloendana nalo, nikajaza majina arobaini daftarini. Mke wangu aliomba kuliona daftari, nikamkatalia.

"Ataitwa Kalunde," nikasema. Lilisikika vizuri, nikarudia.

Wote wakamgeukia mama mkwe. Kwao mwanamume hatamki jina la mama mkwe wake. Mwiko huo niliushika miaka kumi na tisa, kiasi kwamba jina lenyewe sikuwahi kuliuliza.

"Faini mbuzi!" shemeji mkubwa akapaza sauti.

"Si nilikwambia unionyeshe hilo daftari, Baba Neema?" mke wangu akanong'ona.

Niliona heshima yangu yote ya ukweni ikimwagika. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Najua hukukusudia, baba," alisema. "Lakini wanangu wanaolijua jina langu wameshanizalia wajukuu tisa, na hakuna aliyempa hata mmoja jina hilo. Mbuzi acha. Nipe wajina wangu nimpakate."